Injini Mpya kwa Gari Kuukuu: Nguvu Peke Yake Haitoshi

Miongoni mwa magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani yake, machache yamependwa kama Volkswagen T3. Gari hili lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1979, na mengi yalitiwa vyombo vya makazi na kampuni ya Westfalia. Huko Afrika Kusini uundaji wake uliendelea hadi mwaka 2002. Mengi yangali barabarani, lakini injini zake zimechoka. Mwenye gari hana budi kuamua: aifufue injini ile ile, ama atie nyingine? Wengi humshauri atie yenye nguvu zaidi kadiri fedha zake zinavyoruhusu. Ushauri huo una kasoro, na fizikia ya shule ya sekondari yatosha kuidhihirisha.

Kwanza na itazamwe hali ya gari lenyewe. Injini yake ya dizeli ya lita 1.6 ilitoa kilowati 37 tu. Ile ya petroli ya lita 2.1, yenye silinda nne zilizolala na kupozwa kwa maji, ilitoa yapata kilowati 70 katika magari yaliyouzwa Marekani. Injini ambayo wengi huitamani ni ya Subaru ya lita 2.2, ambayo nayo ina silinda nne zilizolala, na nguvu yake hukaribia kilowati 100.

Je, gari linahitaji nguvu kiasi gani? Tuseme tungamo lake, pamoja na abiria na mizigo, ni kilo 2,000, nalo linapanda mlima unaoinuka mita 6 katika kila mita 100. Kani ya kulipandisha ni 2,000 mara 9.8 mara 0.06, yaani nyutoni 1,176. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ni kama mita 22 kwa sekunde, kazi hiyo yadai kilowati 26. Ukizani wa hewa na wa magurudumu, kwa makadirio, waongeza kilowati 15. Jumla ni 41, bila kuhesabu zinazopotea katika giaboksi.

Hesabu hii yaonyesha mambo mawili. Injini ya dizeli ya kilowati 37 haiwezi kuudumisha mwendo huo mlimani, na gari linalojikokota mbele ya malori ni hatari. Aliyeichoka hana lawama. Hata hivyo, injini ya kilowati 70 ikiwa nzima ina akiba ya kutosha. Anayetaka 100 hanunui uwezo wa kupanda mlima. Ananunua mwendo wa kasi.

Kasi nayo ina gharama yake. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: gari likitoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, nishati ambayo breki zapaswa kuimeza hukaribia kuwa maradufu. Breki, giaboksi na magurudumu ya gari hili vilibuniwa kwa nguvu ndogo. Kuongeza injini bila kuvikagua ni kuhamisha udhaifu kutoka mahali panapoonekana hadi mahali pasipoonekana.

Joto nalo lina madai yake. Katika injini ya petroli, joto linaloingia katika maji ya kupozea hukaribia kulingana na kazi inayotoka. Injini kubwa ikiendeshwa taratibu haitadai zaidi sana, lakini nguvu iliyonunuliwa hununuliwa ili itumike. Katika T3 rejeta iko mbele na injini iko nyuma. Maji husafiri katika mabomba marefu chini ya sakafu, na hewa ikinaswa humo injini huchemka. Kutu na gasketi zilizovuja ndizo zilizoua nyingi za injini za awali. Fundi anayetia injini mpya katika mabomba yale yale yaliyooza atakuwa ameandaa kifo cha pili.

Hii si kusema kwamba injini ya Subaru ni mbaya. Umbo lake lafaa nafasi iliyopo, na palipo na magari mengi ya aina hiyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Lakini huhitaji kipande maalumu cha kuiunganisha na giaboksi, mfumo wake wa nyaya za umeme, na bakuli la oili lililofupishwa lisigonge mawe. Gharama hizo zihesabiwe kabla ya injini kununuliwa. Pale ambapo vipuri vya injini ya awali vingalipo, kuifufua hiyo ya kilowati 70 na kubadilisha mabomba na rejeta mara nyingi ndiko kutakakoifikisha familia salama kwa fedha chache.

Walimu wa fizikia wangefanya vyema kulipeleka swali hili darasani. Wanafunzi wabadilishe mteremko, uzito na mwendo, kisha wajadili injini ipi yafaa na kwa nini. Watagundua kwamba injini ni kiungo kimoja katika mwili, na kwamba mwenye busara huuliza kwanza gari lahitaji nini, ndipo aulize bei.