Tunamjua Kanumba, Rureke Hatumjui

Tuseme wazi jambo ambalo wengi katika chama chetu hawapendi kulisikia. Sisi Watembo wa Bunyakiri, na wenzetu wa Kivu nzima, ni hodari wa kusifu mila. Lakini watu waliozibeba hizo mila kwa sauti na kwa miguu yao, yaani waimbaji, wachezaji, wasimulizi, wapiga ngoma, tukiisha kuwazika hatuandiki hata jina.

Tusiwasingizie vijana. Wao wanakumbuka sana wachezaji. Ingia katika banda la video pale Bulambika, uliza habari za Steven Kanumba. Watakwambia alizaliwa Shinyanga, alikufa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, na kwamba alikuwa na miaka 28 tu. Wengi wa hao wanaokujibu hawajafika hata Uvira! Wanajua juu ya nini? Juu Watanzania walisimulia maisha yake, wakayaandika, wakayapiga picha. Kijana anashika kile alichopewa.

Na sisi walimu tunawapa nini? Tunawapa Molière. Kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kifaransa anafundishwa kwamba tarehe 17 Februari 1673, huko Paris, Molière alizidiwa na ugonjwa akiwa jukwaani, akamaliza mchezo, akafa usiku uleule. Hatulaumu somo hilo, ni zuri. Tena lina jambo ambalo wazee wetu wangelifikiria: kanisa la wakati ule lilikataa kumzika kama Mkristo kwa sababu alikuwa mchezaji, ikabidi mfalme aingilie kati, akazikwa usiku. Kumbe hata Wafaransa walidharau wachezaji wao. Lakini waliandika.

Sasa tuvuke mto Hombo, tuingie Walikale kwa jirani zetu Wanyanga. Mwaka 1956 mzee mmoja, Candi Rureke, aliimba utenzi wa Mwindo siku kumi na mbili. Alisimulia, aliimba, alicheza, aliigiza kila mtu wa hadithi, kibuyu cha kutikisa mkononi na njuga miguuni, vijana wakimpigia vijiti na watu wakimwitikia. Ile ilikuwa sinema kamili, bila umeme na bila tiketi. Daniel Biebuyck, Mbelgiji, alikuwapo, pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe, wakiandika. Rureke hakukubali kuwa kisanduku cha kutoa sauti tu. Katikati ya hadithi anajitaja mwenyewe, anamsemesha hata yule anayeandika. Alitaka ajulikane kwamba yuko. Kitabu kilitoka mwaka 1969 huko California, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mtu wa Marekani anaweza kusoma jina la Rureke katika maktaba ya chuo chake. Wewe msomaji wa Bunyakiri, uliyesoma mpaka diplome, ulilisikia wapi? Na kama Rureke, mwenye bahati ya kuandikwa, hatumjui, basi wale wa kwetu ambao hakuna aliyewafuata na kalamu wako wapi?

Hapa ndipo tunajibiwa maneno matatu. La kwanza: "Hadithi ni ya wote, haiko ya mutu." Ndiyo, hadithi ni ya wote, kama vile msitu ulivyokuwa wa wote, lakini aliyekesha akiisimulia alikuwa mtu mmoja, mwenye mama, mwenye mwalimu wake, mwenye kikohozi chake. La pili: "Bale bazee balikuwa tu balevi, ile kazi iko ya bavivu." Aliyecheza usiku kucha kwa kibuyu cha kasiksi na robo ya mbuzi, asubuhi akashika jembe, huyo ndiye mvivu? La tatu linatoka kwa wahubiri: njuga ni za shetani. Kwa hilo hatubishani sana. Tunauliza tu mbona ngoma zilezile leo zinapigwa kanisani Jumapili.

Tazameni jambo hili pia. Katika miaka ya 1970 wazungu walikuja na kamera kupiga filamu za gorila wa Kahuzi, karibu yetu hapa. Gorila wakapewa majina: Kasimir, Maheshe. Maheshe aliuawa na majangili mwaka 1993, mwaka wa kifo chake umeandikwa. Watwa waliofuata nyayo msituni, ambao bila wao kamera isingeona kitu, ambao baadaye walitolewa katika huo msitu, ni wangapi tunaowajua kwa majina? Mnyama ana wasifu, mtu hana. Hapo hatuwezi kumlaumu mzungu peke yake. Tulikuwapo.

Vita tangu 1996 vimetawanya watu wetu mara nyingi. Mwimbaji aliyekimbilia Bukavu au Goma akafia kule, wimbo wake unabaki kwa wajukuu bila mwenyewe. Ndiyo maana hatukubali tena kijitabu hiki kijazwe orodha za ukoo wa wakubwa na picha za sherehe. Kurasa mbili kila toleo zitengwe kwa mchezaji mmoja, mwanaume au mwanamke. Tena isiwe sifa tupu. Alizaliwa kijiji gani? Nani alimfundisha? Alilipwa nini, na nani alikataa kumlipa? Nani alimpigia ngoma, wanawake gani waliitikia? Kwa nini aliacha? Kama alikunywa, iandikwe kwamba alikunywa.

Tusingoje chuo kikuu wala mzungu wa pili. Wanafunzi wetu wana daftari na kalamu, na likizo kubwa ni miezi miwili. Kamati ituambie tu ni wazee gani wa Ziralo, wa Mubugu na wa Kalima wangali hai, tuanze kwao.