Dawa Iishayo na Dawa Isiyoisha

Mkulima wa kahawa wa Kiambu au Nyeri hunyunyizia miti yake kitu akiitacho dawa ya ukungu. Jina hilo la heri linaficha mengi, kwani viuakuvu vinavyoitwa hivyo, vikishadondoka ardhini, havifuati njia moja.

Mankozebu, kwa mfano, huvunjika upesi katika udongo wenye joto na unyevu, aghalabu kwa siku chache tu, kwa nguvu ya maji, hewa na bakteria. Kiangazi kikikausha udongo, au baridi ya nyanda za juu ikiwalegeza bakteria hao, kazi huzorota. Isitoshe, kuvunjika si kutoweka: mojawapo ya mabaki yake, ethilinithiourea, husafiri na maji kwa wepesi zaidi, nayo hudhuru tezi ya thairoidi.

Shaba ni habari nyingine kabisa. Kwa miongo mingi mashamba ya kahawa yamenyunyiziwa shaba dhidi ya chule buni, ugonjwa uliotambuliwa Kenya mwaka 1922, na dhidi ya kutu ya majani. Shaba ni elementi. Hakuna bakteria wala jua liwezalo kuivunja. Iliyonyunyizwa na babu ingalimo, hasa katika tabaka la juu la udongo. Mboji huishikilia, udongo wenye asidi, kama ule mwekundu wa mashamba hayo, huiachilia, ikawadhuru nyungunyungu na mizizi michanga. Aina ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilipunguza haja ya kunyunyiza, lakini haikuiondoa shaba iliyokwisha kulala ardhini.

Hapo ndipo wanaisimu wanapoguswa. Mfasiri akiandika kwamba dawa "huisha", inaisha nini? Nguvu yake juu ya jani, au yenyewe udongoni? Mrututu huyeyuka majini, lakini hauozi. Anayeandika "huyeyuka" kwa maana ya kutoweka amempotosha mkulima ang'oaye kahawa ili apande maharagwe. Waundaji wa istilahi hupenda mno kusaka nomino, na "kiuakuvu" kimeshapatikana. Kuvunjika, kuoza, kuyeyuka na kuchujuka bado vinatumiwa kana kwamba ni kitenzi kimoja. Nazo zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zinazoandikwa kwenye kibandiko cha chupa, zahusu tunda; hazisemi lolote juu ya udongo.