Sauti ya kuazima, ulimi wa mwenyewe

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alinijia ofisini baada ya somo la fonetiki. Aliweka simu yake mezani akaniambia, "Daktari, hebu usikilize wimbo huu." Niliitambua sauti kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja wa taarabu wa Mombasa, marehemu kwa miaka mingi sasa, ambaye kanda zake zilichezwa sana nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto. Kilichonistaajabisha ni kwamba wimbo wenyewe ulitoka juzi tu na tayari unajulikana kila mahali. Marehemu hakupata kuusikia, sembuse kuuimba.

Kazi hiyo ilifanywa kwa akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba niliupenda. Nilitikisa kichwa, nikagonga meza kwa vidole, nikaomba urudiwe. Baada ya hapo ndipo swali liliponijia: muda wote huo nilipokuwa nikiburudika, nilikuwa nikimsikiliza nani?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo ni la wasomi wasiokuwa na kazi, maadamu wimbo mtamu ni mtamu. Wapo pia watakaoona kwamba kumwimbisha maiti ni kufuru na kwamba afurahiaye jambo hilo ana kasoro. Mimi sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Kuurudia wimbo wa mwingine si jambo geni kwetu. Tuchukue wimbo wa Malaika, ambao mjadala kuhusu mtunzi wake halisi ni wa miaka mingi. Fadhili William aliurekodi hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba, ukawemo katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka wa 1965. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurudia mwaka wa 1991. Makeba hakulelewa katika Kiswahili, na Mswahili amsikilizapo hulitambua hilo mara moja. Hata hivyo hatukumkataa. Tulimsikia mgeni akiuingia wimbo wetu kwa ulimi wake mwenyewe, tukajua ni nani wa kushukuriwa.

Walimu waliowahi kuandaa kwaya kwa ajili ya tamasha za muziki za shule wanalielewa jambo hili vyema. Kwaya nyingi hupewa wimbo mmoja wa lazima, wenye maneno yale yale na noti zile zile, lakini hakuna kwaya mbili zinazouimba sawasawa. Waamuzi husafiri kutoka mahali hadi mahali kusikiliza tofauti hizo. Kama zisingekuwapo, tamasha lingekwisha baada ya kwaya ya kwanza.

Je, nyimbo za akili unde ni marudio ya aina hiyo? Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kufahamu namna zinavyotengenezwa. Katika njia mojawapo iliyoenea, programu hulishwa rekodi za mwimbaji maarufu hadi ijifunze rangi ya sauti yake, yaani kile kinachotuwezesha kumtambua mtu anayebisha hodi kabla hatujamwona. Kisha mtu mwingine, aliye hai, huuimba wimbo mbele ya maikrofoni. Programu huyaacha mahadhi, mapigo na, kwa kiasi kikubwa, matamshi yake yalivyo. Humvua rangi ya sauti yake na kumvika ya yule maarufu.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa isimu inawaunga mkono. Katika Kimvita, neno "paa" likiwa na maana ya mnyama hutamkwa kwa mpumuo, pumzi ikatoka pamoja na sauti ya "p". Likiwa paa la nyumba, mpumuo huo haupo. Marehemu, mzawa wa Mombasa, sikumbuki akiikosea tofauti hiyo hata mara moja katika kanda zake. Katika ule wimbo wa simuni, mpenzi anafananishwa na paa wa nyikani, lakini paa huyo ametamkwa bila mpumuo. Mzee wa Mji wa Kale angedhani kwamba bibi anasifiwa kwa mabati! Sauti ilikuwa ya marehemu, ila ulimi ulikuwa wa mtu wa bara.

Nikamwuliza mwanafunzi, "Huyu aliyeimba ni nani?" Akainamisha kichwa akitabasamu. "Ni mimi, Daktari." Aliuimba usiku, chumbani mwake bwenini, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwomba anisikilizishe rekodi yake ya kwanza, kabla haijavikwa sauti ya marehemu. Akasema ameshaifuta. "Sauti yangu si ya kusikilizwa na watu," akanijibu.

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko wimbo wenyewe. Kila nilichokisifu, isipokuwa ile rangi ya sauti, kilikuwa kazi ya kijana aliyeketi mbele yangu: pale alipovuta pumzi, pale alipolichelewesha neno kidogo ili limchome msikilizaji. Nami nilimpa marehemu sifa zote, na kijana akaona ni sawa. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba watu hawatamsikiliza mpaka ajifiche nyuma ya mtu mashuhuri.

Hapo ndipo ninapoona hatari inayomhusu msikilizaji. Katika nyimbo hizi, sehemu kubwa ya utamu hutoka katika kumbukumbu zetu wenyewe. Mimi nilirejeshwa sebuleni kwa wazazi wangu. Kukumbuka si vibaya, lakini sikio likizoea kutafuta lile linalolijua tu, halitakuwa na nafasi ya sauti ambayo bado haijajulikana. Fadhili William naye alikuwa kijana asiyejulikana kabla ya watu kumsikiliza.

Aidha, zipo programu zinazounda wimbo mzima, ala na sauti pamoja, kutokana na maelezo machache ya maandishi. Huko hakuna hata mwanafunzi aliyejifungia bwenini. Kuna mabaki ya waimbaji wengi mno ambao kazi zao zililishwa mashine, na msikilizaji hawezi kumtaja hata mmoja wao.

Tusisahau pia haki ya mwenye sauti. Mwezi wa Aprili 2023, wimbo uitwao "Heart on My Sleeve", wenye sauti zilizoigiza za Drake na The Weeknd, ulienea mtandaoni kabla ya kuondolewa kufuatia malalamiko ya kampuni ya Universal Music Group. Mwaka uliofuata, jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya kuigizwa hivyo bila idhini. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometriki, lakini haikutungwa kwa kuwafikiria waimbaji. Aliye hai anaweza kulalamika. Marehemu hawezi kukataa hata akiimbishwa maneno ambayo asingethubutu kuyatamka.

Msomaji asinielewe vibaya. Teknolojia yenyewe si adui. Mwezi wa Novemba 2023, Beatles waliosalia walitoa wimbo "Now and Then". Mashine iliitenga sauti ya John Lennon na mlio wa piano katika kanda aliyojirekodi mwenyewe miaka ya 1970. Haikumbunia neno wala pumzi. Umma uliambiwa waziwazi kilichofanyika, na mjane wa marehemu alishirikishwa. Msikilizaji aliyeufurahia wimbo huo alijua anamsikiliza nani.

Basi ushauri wangu si kwamba vijana wazifute nyimbo hizi simuni mwao. Wazisikilize, lakini wawe na mazoea ya kuuliza: nani anaimba, na mwenye sauti aliridhia? Watangazaji wa redio wanaozicheza wasione taabu kutuambia ukweli huo kabla ya wimbo kuanza. Nao walimu wa Kiswahili na wa muziki wana somo lililo tayari. Wauchezee wanafunzi wimbo mmoja mara tatu: wa mwimbaji wa kwanza, wa binadamu aliyeurudia, na wa mashine. Kisha wawaulize ni wapi walipoisikia pumzi, ni wapi neno lilipotamkwa visivyo, na kosa hilo ni la nani. Darasa litakalofanya zoezi hilo litajifunza fonetiki zaidi kuliko kwa mihadhara yangu mitatu.

Ama yule mwanafunzi wangu, nilimfundisha kulitamka neno "paa" kwa mpumuo, akiwa ameweka kiganja mbele ya midomo ili aihisi pumzi. Alilipata mara ya nne. Kisha nikamwomba auimbe ubeti ule pale pale ofisini, bila simu. Alisita kwa muda mrefu, akautazama mlango, akaenda kuufunga, akaimba. Sauti yake ni nyembamba na hutetemeka kidogo mwishoni mwa mstari. Siku hiyo sikukumbuka sebule ya wazazi wangu hata kidogo. Nilimsikiliza yeye, na nilipomwomba aurudie, nilijua ninayemwomba ni nani.