Rufaa Isiyo na Mwenyewe

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya wilaya. Saa nne asubuhi daktari aliamua kwamba apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, kwani utumbo ulikuwa umejisokota na alihitaji upasuaji wa haraka. Tuliondoka saa mbili usiku. Muda wote huo tulitafuta mhuri, dereva, kisha fedha za mafuta. Tulipofika, hakuna aliyejua kwamba tunakuja. Vipimo vikaanza upya. Alifariki kabla ya alfajiri. Cheti cha kifo kinataja ugonjwa. Hakitaji saa kumi za kungoja.

Ngazi zetu za tiba zimepangwa vizuri: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, hadi ya taifa. Kasoro iko kati ya ngazi na ngazi, ambako mgonjwa hana mwenyewe. Aliyeandika barua ya rufaa huhesabu kazi yake imekwisha; wa kuipokea huhesabu yake haijaanza.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza vifo vya uzazi kwa ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kukifikia kituo, na wa kupata tiba stahiki baada ya kufika. Tumezoea kumhubiria mwananchi kuhusu ule wa kwanza: wahi hospitali! Shangazi aliwahi. Tuliomchelewesha ni sisi wenye ofisi na mihuri.

Nitaambiwa nchi ni maskini. Mbona kwa mama na mtoto mchanga tumethubutu? Katika mpango wa m-mama, simu ya bure kwa namba 115 humfikia mtu ambaye kazi yake ni kutafuta usafiri, hata gari la dereva wa mtaani, na kukiarifu kituo kinachopokea. Basi tunajua njia. Mwenye utumbo uliojisokota amekosa nini?

Kwa hiyo nadai jambo dogo. Kila barua ya rufaa iandikwe saa ya uamuzi, saa ya kuondoka na saa ya kupokelewa, na kituo kilichoitoa kiwajibike mpaka mgonjwa apokelewe. Kisha Mganga Mkuu wa Wilaya azisome saa hizo kila mwezi, kwa makini yaleyale anayosomea taarifa za makusanyo.