Rula Ipo, Mizani Je?

Vijana wenzangu wa kalamu, machweo ya Ziwa Viktoria tumeyaandika vya kutosha. Jiwe la Bismarck tumeliimba mpaka limechoka. Sasa tuandike juu ya mizani.

Mimi nakaa Buhongwa, barabara ya Shinyanga, mbali kidogo na maji. Huku kwetu uswahilini tunayajua mapanki: mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya mnofu kusafiri kwenda Ulaya. Wanatuambia ndiyo soko huria hilo. Huria kwa nani?

Tazameni sheria. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 ziliweka kipimo: sangara asipungue sentimita 50. Safi kabisa. Kokoro huzoa mpaka vifaranga, na anayelitetea anamwibia mwanawe. Hapo sibishi. Ninachouliza ni hiki: mbona rula inayompima samaki kwa ukali hivyo hunyamaza samaki huyo akifika kwenye bei?

Mchezo wenyewe uko hivi. Tajiri, au wakala wa kiwanda, anamkopesha mvuvi nyavu, injini na mafuta. Mvuvi akirudi nchi kavu hana uhuru wa kumuuzia mwingine. Anayemdai ndiye anayempangia bei. Zikikatwa gharama, waliokesha majini wanagawana kilichobaki, na siku nyingine kilichobaki ni kitoweo tu. Kesho yake akichukua nyavu ya matundu madogo, eti tunashangaa! Njaa haisomi kanuni.

Msiniambie serikali haiwezi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, tulijifunza haraka: barafu, vyeti, wakaguzi. Leo maabara ya kupima ubora wa samaki ipo hapa hapa Nyegezi. Kumbe mlaji wa Ulaya akikohoa, ofisi zinaamka. Mvuvi wetu akilia bei, anaambiwa hiyo ni biashara ya watu wawili.

Ikaja Operesheni Sangara ya 2018. Nyavu haramu zikachomwa moto. Viwanda navyo vilitozwa faini, tusiseme uongo. Lakini kigogo akilipa faini, kesho anafungua geti. Mlalahoi aliyechomewa nyavu ya mkopo anabaki na majivu, na deni liko pale pale.

Tuna BMU, vikundi vya ulinzi wa rasilimali vilivyoanza kuundwa huku ziwani mwaka 1998. Vilipewa doria na usafi wa mialo. Vipewe na mizani! Bei ya siku ibandikwe mwaloni kila mtu aione, mkopo uandikwe kwenye karatasi, na mvuvi mwenye deni aruhusiwe kumuuzia anayelipa zaidi, kisha alipe deni lake kwa fedha. Bila hivyo BMU itabaki mgambo wa kumkamata jirani yake.

Na wewe mwandishi chipukizi, nenda Mwaloni Kirumba, au mwalo wowote. Usiulize mawimbi yanasema nini. Uliza nani alipanga bei ya leo, na saa ngapi. Jibu lake liandike kama lilivyo, halafu tulete hapa tulisome.