Hati ya Kazi Isiwe Kamba Shingoni

Vijana wetu wengi wasomi huulizia siku hizi kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo. Kutafuta riziki mbali si aibu. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Lakini anayekwenda kuuza jasho lake ugenini hana budi aijue kwanza hati itakayomwingiza kazini. Tutazame mfano wa Korea ya Kusini.

Huko mwalimu mgeni wa Kiingereza hupewa viza iitwayo E-2. Kwa kawaida viza hii ni ya raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika ya Kusini. Mkenya aliyepata shahada ya Kiingereza na kukifundisha miaka kumi hahesabiwi. Lakini kijana wa London mwenye shahada ya uhasibu, ambaye hajapata kushika chaki, mlango u wazi kwake. Ni dhahiri kwamba kinachopimwa hapo si ujuzi wa mtu, bali pasipoti yake.

Hata huyo aliyekaribishwa hayuko huru. Viza yake imefungwa kwa mwajiri. Akitaka kuhamia kwa mwingine kabla ya mkataba kwisha, yampasa kupata barua ya ruhusa ya mwajiri yule yule anayemkimbia. Mfanyakazi asiyeweza kuondoka atadai haki yake kwa nguvu gani?

Tena, tangu mwaka 2007 walimu hao walilazimishwa kupimwa UKIMWI, ilhali walimu Wakorea hawakulazimishwa. Mwalimu mmoja wa New Zealand alikataa kupimwa mara ya pili, na mkataba wake haukuendelezwa. Hakunyamaza. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi ilimpa haki, na mwaka 2017 serikali ya Korea ikatangaza kuifuta amri hiyo. Basi sheria ya ubaguzi si mlima usiohamishika.

India nayo imetuonyesha njia nyingine. Mapatano yake ya biashara na Korea, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, yaliwafungulia mlango walimu wake wenye vyeti. Mlango huo haukufunguliwa na kijana mmoja mmoja aliyebeba bahasha yake. Ulifunguliwa na taifa lililoketi mezani kujadiliana.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. Kwanza, kijana asikubali kamwe kushawishiwa na wakala aende kufundisha kwa viza ya matembezi. Siku atakapokamatwa, atakayetozwa faini na kufukuzwa nchini ni yeye, na wakala amekwisha kula ada yake. Pili, serikali zetu zinapojadiliana biashara na mataifa mengine, zisizungumzie kahawa na madini peke yake. Ujuzi wa mwalimu nao ni mali ya taifa, na mwenye mali ndiye apasaye kuitetea bei yake.