Mwenye Kupenda, Chongo Huita Kengeza: Funzo la Leso

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imekaririwa mno hata ikaonekana kuwa kanuni ya biashara isiyopingika. Katika makala haya ninadai kwamba inasema nusu tu ya ukweli, na shahidi wangu ni leso, vazi ambalo akina mama wa Kwale hawaachani nalo tangu uzazi hadi mauti.

Tuanze na dosari. Leso mpya huwa imekakamaa kwa wanga, hata maji haiyanyonyi vyema. Aghalabu huchuja rangi inapofuliwa mara ya kwanza, na si haba nguo nyeupe zilizoharibika kwa sababu yake. Isitoshe, huuzwa jozi ikiwa haijakatwa wala kupindwa, hivyo mnunuzi hana budi kuipeleka kwa fundi cherehani. Haya si makosa ya kiwanda kimoja, bali ni tabia ya bidhaa yenyewe. Lau nguo nyingine ingeuzwa katika hali hii, ingerudishwa dukani siku iyo hiyo. Mbona leso hairudishwi?

Jawabu ni kuwa mama wa Msambweni anayevuka Likoni kwenda Barabara ya Biashara mjini Mombasa hafuati kitambaa tu. Macho yake huupita mji na pindo, yakatua kwenye jina. Hutafuta neno la kumwambia jirani, mume au mke mwenza, lile lisilosemeka kwa ulimi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa kuwa ndilo lililoanzisha desturi ya kutia majina hayo mwanzoni mwa karne ya 20. Majina yalichapishwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Aidha, leso ndiyo mbeleko ya mtoto, ndiyo kisutu cha bibi harusi, ndiyo stara ya maiti aoshwapo. Aliyebebwa kwa leso, akaozwa kwa leso, akamsitiri mamaye kwa leso, ataiachaje kwa kuwa imechuja?

Hebu tulinganishe na Diani. Huko leso zizo hizo hutundikwa ufuoni, zikipepea mbele ya watalii. Mgeni huvutiwa na rangi, akanunua moja ajifunge kiunoni. Jina halisomi. Rangi ikififia, hana sababu ya kuitunza, kwani rangi ndiyo aliyoinunua. Bidhaa ni moja, mapenzi ni mbalimbali. Kinachotofautisha ni maisha yaliyoishiwa ndani yake.

Hata hivyo, mapenzi haya yana hatari. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza, na mfanyabiashara mjanja aweza kuuza kitambaa chepesi kwa bei ya kizito, akijua kuwa mama atavumilia. Linaloatua moyo zaidi ni jina lenyewe linapochapishwa kwa tahajia mbovu, herufi zikiruka au maneno mawili yakigandishwa kuwa moja. Mnunuzi husamehe wanga na rangi kwa ajili ya neno. Neno nalo likiharibika, atasamehe kwa ajili ya nini?

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Tumewaachia leso wenye biashara na utalii, ilhali ni fasihi yetu. Tuendapo likizoni, tuwaombe bibi zetu watufungulie masanduku, tuyaandike majina pamoja na visa vya kununuliwa kwake. Tena tuwatake wachapishaji waiheshimu tahajia. Chema chajiuza, naam. Lakini kipendwacho hununuliwa hata kikiwa na ila, na kwa sababu hiyo hasa anayekiuza anadaiwa uaminifu zaidi, si pungufu.